Namna ya Kuzipima Manga na Riwaya Kongwe kwa Mizani ya Haki

Mabishano kuhusu manga, yaani vitabu vya hadithi za picha vya Kijapani, na riwaya kongwe huharibika mapema kwa sababu wanaobishana hawajashika vitu vinavyolingana. Mmoja huleta riwaya ya Dostoevsky, mwandishi wa Kirusi wa karne ya 19, mwenzake huleta mfululizo wa manga wa mapigano ambao bado unaendelea kutoka kila wiki, kisha huanza kuulizana ni kipi kinachomjenga msomaji zaidi. Riwaya ya mwaka 1866 imekwisha kupita kwenye chujio la zaidi ya miaka 150, na zile nyingi zilizotoka pamoja nayo zikasahaulika hakuna anayezileta mezani leo. Manga ya wiki hii ndiyo kwanza inaingia kwenye chujio hilo.

Kwa miaka kadhaa nimekaa na vijana wa sekondari katika kikundi kidogo cha kusoma, wengi wao wakiwa wapenzi wa manga ambao wazazi wao hawataki hata kuziona nyumbani, na njia ninayoieleza hapa ndiyo iliyotutoa kwenye ubishi. Inahitaji wiki tatu hivi za kusoma, kurudi mara moja baada ya mwezi, daftari moja na uvumilivu. Msingi wake ni kuacha kuuliza kipi ni bora na badala yake kuuliza kila kimoja kinamfanyisha nini msomaji, tena swali hilo liulizwe juu ya ukurasa ulio wazi mbele yako, si juu ya sifa ulizosikia.

Tafuta jambo moja lililosimuliwa mara mbili

Chagua manga na riwaya zinazosimulia tukio lile lile, au zinazotoka kwenye jambo lile lile la historia. Jozi ninayoipenda kuliko zote ni "Uhalifu na Adhabu", riwaya ya Fyodor Dostoevsky ya mwaka 1866 kuhusu Raskolnikov, kijana anayemuua mwanamke mkopeshaji, na manga yenye jina hilo hilo aliyoichora Osamu Tezuka mwaka 1953. Tezuka alizaliwa mwaka 1928, akasomea udaktari, na wachoraji wengi wa Japani waliomfuata humhesabu kuwa baba wa fani yao. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kuigiza katika mchezo wa jukwaani uliotokana na riwaya hiyo, akashika nafasi ndogo ya mmoja wa wapaka rangi wa nyumba. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini litatufaa tutakapofika kwenye ngazi.

Jozi ya pili inahusu Hiroshima, mji wa Japani ulioangushiwa bomu la atomiki mwaka 1945. Upande mmoja kuna "Hadashi no Gen", yaani Gen anayetembea pekupeku, manga ya Keiji Nakazawa iliyoanza kutoka mwaka 1973. Upande wa pili kuna "Kuroi Ame", yaani mvua nyeusi, riwaya ya Masuji Ibuse iliyoanza kutoka katika jarida mwaka 1965. Riwaya hiyo si ya zamani sana, lakini katika fasihi ya Japani imekwisha kupata nafasi ambayo hakuna anayeihoji.

Katika upatikanaji, tafsiri ya Kiingereza ya Dostoevsky iliyofanywa na Constance Garnett mwaka 1914 inapatikana bure katika Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni, na simu ya kawaida inatosha kuisomea. "Hadashi no Gen" ipo kwa Kiingereza katika juzuu 10, na juzuu ya kwanza peke yake inatosheleza zoezi hili. Manga ya Tezuka ni ngumu zaidi kuipata, kwa hiyo usipoipata anza na Hiroshima. Epuka kurasa za wizi zilizotafsiriwa na watu wasio na muda wa kusahihisha, kwa maana utakuja kuilaumu manga kwa kosa la mtafsiri. Ukitaka kuzoea kwanza namna manga zinavyosomwa, programu ya MANGA Plus, iliyozinduliwa mwaka 2019 na wachapishaji Shueisha wa Tokyo, hutoa sura mpya za mifululizo mingi bila malipo.

Iondoe kwanza hoja ya uharaka

Hoja ninayoisikia mara nyingi dhidi ya manga ni kwamba huchorwa mbio mbio, kwa ajili ya biashara, kwa kufuata matakwa ya umati. Ni kweli kwamba huchorwa hivyo. Jarida la Weekly Shōnen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968 na ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilivuka nakala milioni 6 kwa toleo moja, huambatanisha kadi ya kura, na mfululizo unaokosa kura hukatizwa hata kama mchoraji alikuwa na mengi ya kusema. Sura moja ya wiki huwa na kurasa zipatazo 19.

Lakini hebu tuangalie upande wa pili. Riwaya ya Dostoevsky ilitoka sehemu baada ya sehemu katika mwaka wa 1866, kwenye jarida la Russky Vestnik la Moscow. Wahariri walimlazimisha kuiandika upya sura ambayo Sonya, msichana anayempenda Raskolnikov, anamsomea habari za Lazaro kufufuliwa. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo aliiweka kando kazi hiyo ili amalize riwaya nyingine kwa siku 26, akimtamkia binti aliyeandika kwa hati mkato, kwa sababu mkataba mbaya aliousaini ungempokonya mapato ya vitabu vyake kwa miaka 9. Charles Dickens naye aliubadilisha mwisho wa "Great Expectations" mwaka 1861 baada ya mwandishi mwenzake kumshauri hivyo. Tarehe ya mwisho, fedha na maoni ya watu wengine yamo katika pande zote mbili. Mtu anayetaka kuishusha manga kwa hoja hii itambidi aishushe na nusu ya rafu ya riwaya za karne ya 19, na sidhani kama yuko tayari kufanya hivyo.

Jifunze kuusoma ukurasa kabla ya kuuhukumu

Manga husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, na kitabu hufunguliwa upande ambao wengi huuita wa nyuma. Msomaji aliyepitia chuoni akauzoea msahafu hatashangaa, na wengine huzoea baada ya kurasa kumi hivi. Anza na kisanduku, yaani fremu ya picha, cha juu kulia, nenda kushoto, kisha teremka, na ndani ya kila kisanduku soma viputo vya maneno kwa utaratibu huo huo.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu ni kujifunza kukaa. Nilimtazama mpwa wangu wa kidato cha pili akisoma, na niliona kila ukurasa unamchukua sekunde nne au tano. Nikamwomba arudi kwenye ukurasa mmoja uliokuwa na visanduku vitatu visivyo na neno hata moja, vyote vikionyesha mama ameketi mezani, mlango uliofungwa na kikombe cha chai. Nikamuuliza mama huyo amekaa hapo kwa muda gani. Alitaka kusema kwamba haijaandikwa. Kisha akasogeza uso karibu, akakiangalia kikombe, akaona kwamba katika kisanduku cha kwanza kinafuka mvuke, katika cha pili mvuke umebaki uzi, na katika cha tatu haumo. "Amekaa mpaka chai imepoa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakufunua ukurasa unaofuata.

Zoezi la kwanza la daftari ni hilo. Chukua ukurasa mmoja, ufunike kwa karatasi viputo vyote, uandike unachojua kutokana na picha peke yake: saa ngapi ya siku, nani anamwogopa nani, muda gani umepita kati ya kisanduku kimoja na kingine. Kazi hiyo ya kujaza mwanya kati ya visanduku hufanywa na msomaji, na anayesema kwamba manga humlisha mtu kila kitu kwa kijiko hajawahi kuisoma kwa namna hii.

Zingatia pia maneno ya sauti yaliyochorwa ndani ya picha. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Kijapani kimejaa tanakali, na hazitaji mlio peke yake, zinataja pia hali. Hata ukimya una neno lake, "shiin", ambalo mchoraji huliandika juu ya chumba ambamo hakuna anayesema kitu. Mtafsiri wa Kiingereza huhangaika nalo, lakini sisi tunasema kimya jii, kama tunavyosema giza totoro na nyeupe pee, tukaelewana papo hapo.

Kwa riwaya, zoezi linalolingana na hilo ni kusoma aya moja ndefu kwa sauti, polepole, mara mbili, kisha kuandika ni wapi pumzi ilikuishia na mwandishi alikuwa anaificha habari gani mpaka mwisho wa sentensi. Usiliruke kwa kudhani kwamba kusoma maneno tayari unakujua.

Panda ngazi mara mbili

Sasa soma tukio moja katika pande zote mbili, siku moja, riwaya ikitangulia. Katika jozi ya kwanza nachagua mauaji ya yule mwanamke mkopeshaji.

Dostoevsky anakubana ndani ya kichwa cha Raskolnikov. Unajua kwamba kutoka langoni kwake hadi nyumbani kwa Alyona Ivanovna, mkopeshaji huyo, ni hatua 730, kwa sababu ameshazihesabu. Unajua kwamba ameshona kitanzi ndani ya koti lake ili shoka lining'inie humo bila kuonekana. Baada ya mauaji, watu wawili wanafika mlangoni na kuanza kuuvuta. Yeye amesimama upande wa ndani, anaitazama komeo ikirukaruka mahali pake, na huna pa kukimbilia kwa sababu mwandishi hakukuachia jicho jingine isipokuwa lake. Sitiari na maelezo ya mji yote yanapita kwenye akili yenye homa. Unapomaliza sura hiyo unakuwa umeshiriki mawazo ya muuaji kwa kurasa kadhaa bila kukubaliana naye, na kazi hiyo ya kukaa ndani ya mtu usiyemkubali sijaiona ikifanywa na fani nyingine kwa kina kama hicho.

Tezuka anafanya kinyume chake kabisa. Anauondoa ukuta. Analichora jengo kana kwamba limepasuliwa, ngazi zikionekana ghorofa kwa ghorofa kama jukwaani, na kulirudia kisanduku baada ya kisanduku huku macho yako yakibaki mahali pamoja. Raskolnikov anapanda. Wapaka rangi wanafanya kazi yao chini. Watu wanaingia na kutoka bila kujua kinachotendeka juu yao. Mahali ambapo riwaya inakunyima macho, manga inakupa macho mengi kupita kiasi, na hofu inatoka huko huko: unaona wote kwa wakati mmoja na huwezi kumwonya hata mmoja. Kumbuka sasa kwamba mchoraji huyu aliwahi kusimama jukwaani kama mmoja wa wapaka rangi hao, na utaelewa kwa nini alijua thamani ya kulionyesha jengo zima.

Andika katika daftari kurasa mbili zinazoelekeana, kushoto riwaya na kulia manga, ukijibu kwa kila upande: nilijua nini ambacho mhusika hakukijua, na mhusika alijua nini ambacho mimi sikukijua. Ukilijibu swali hilo kwa uaminifu, nusu ya kazi ya kulinganisha imekwisha.

Kisha nenda kwenye mwisho. Katika riwaya, Raskolnikov anapiga magoti katika uwanja wa soko na kuibusu ardhi, watu wanamcheka wakidhani amelewa, naye anaondoka bila kusema alilotaka kulisema. Anakuja kuungama baadaye, kituo cha polisi, na kinafuata kifungo cha miaka 8 huko Siberia pamoja na kubadilika kwake taratibu. Katika manga, anaungama kwa sauti kubwa katikati ya umati, lakini mji umekumbwa na ghasia na hakuna anayemsikiliza. Siberia haipo. Kwa maoni yangu Tezuka amepoteza sehemu muhimu hapa, kwa kuwa toba inayochukua miaka haiwezi kukaa katika kitabu chembamba cha watoto wa mwaka 1953. Lakini picha ya mtu anayesema kweli yake katika kelele isiyomjali ni wazo lake mwenyewe, na linastahili kujadiliwa kama wazo badala ya kuhesabiwa kuwa upungufu wa nakala.

Hiroshima: shahidi na mnakili

Jozi hii iendee taratibu, na usiisome usiku kabla ya kulala.

Nakazawa alikuwa na umri wa miaka 6 tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa shule ulimkinga, lakini baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume waliteketea ndani ya nyumba iliyoporomoka, na mama yake alijifungua siku hiyo hiyo. Mama huyo alipofariki mwaka 1966 na mwili wake kuchomwa kwa desturi ya Kijapani, mwana hakukuta mifupa ya kuokota, alikuta majivu na vipande vidogo vyeupe, na hasira ya siku ile ndiyo iliyomfanya ageuze kalamu yake kulielekea bomu. Ibuse, kwa upande wake, hakuwa shahidi wa mlipuko. Alifanya kazi kwa kutumia shajara na maelezo ya walionusurika. Kwa hiyo aliyeona kwa macho ndiye aliyechora, na aliyepokea karatasi ndiye aliyeandika riwaya, kinyume kabisa na dhana kwamba riwaya ndiyo yenye ushahidi mzito na katuni ni mchezo.

Katika manga, Gen ni mtoto mtundu wa katuni za wavulana: anapigana, anaimba, ana kichwa cha mviringo na macho makubwa. Mchoro huo huo, bila kubadilika, ndio unaoonyesha watu wanaotembea huku ngozi zikiwaning'inia mikononi. Wasomaji wengine hukerwa na mchanganyiko huo. Mimi naona ndiyo nguvu yake, kwa sababu umekwisha kuizoea dunia ya utani unapolazimika kutazama, na ukurasa wa picha hauwezi kurukwa kama unavyoweza kuiruka aya. Jicho limekwisha kuona kabla hujaamua.

Riwaya ya Ibuse inazungumza kwa sauti ya chini. Shigematsu, mhusika mkuu, anainakili shajara yake ili kuthibitisha kwamba mpwa wake Yasuko hakuwa karibu na mlipuko, maana uvumi kwamba ana ugonjwa wa mionzi ya bomu unamharibia posa. Mkewe anaandika maelezo ya walivyokuwa wakila wakati wa vita. Wanaume wagonjwa, wasioweza kazi nzito, wanafuga samaki bwawani. Na katikati ya utulivu huo unagundua kwamba mvua nyeusi, ile iliyobeba masizi na sumu ya bomu, ilimnyeshea Yasuko. Nguvu ya kitabu hiki iko katika muda: kinaonyesha bomu likiendelea kuua miaka baada ya kulipuka, kupitia barua, chakula na mazungumzo ya ndoa, mambo ambayo mchoro huyaonyesha kwa shida.

Katika daftari, usiandike ni kipi kilikuhuzunisha zaidi. Andika ni lini ulisimama kusoma, na kwa nini. Vijana wangu wengi walisimama mapema katika "Gen" kwa sababu walishindwa kutazama; katika Ibuse walisimama karibu na mwisho, pale Shigematsu anapoitazama milima akijiambia kwamba ukitokea upinde wa mvua wenye rangi nyingi Yasuko atapona, naye anajua kwamba hatapona.

Kuhusu lugha

Katika jambo moja siwezi kusema kwamba pande mbili ni sawa. Mtu anayetaka kukuza msamiati, kuzoea sentensi ndefu na kujua namna hoja inavyobebwa kutoka aya hadi aya atanufaika zaidi na riwaya kongwe, kwa kuwa kiputo cha maneno hakina nafasi ya kazi hiyo. Hata hivyo, usiipimie faida hii kwenye tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kirusi, ukadhani umeonja lugha ya Dostoevsky. Ipime katika Kiswahili. Chukua riwaya au insha za Shaaban Robert, au tafsiri ya Shakespeare aliyoifanya Julius Nyerere na kuichapisha mwaka 1963, usome kurasa tano kwa sauti, kisha urudi kwenye viputo. Tofauti utaisikia masikioni.

Manga kwa upande wake hufungua mlango ambao lugha kongwe imeufunga. Hadithi ya Genji, iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, ina sura 54 na Kijapani chake ni kigumu hata kwa Wajapani wa leo, tena wahusika wengi hawana majina ya kudumu, hutajwa kwa vyeo au kwa maneno ya shairi. Manga ya Waki Yamato iliyotoka kati ya mwaka 1979 na 1993 inakupa sura za watu, nyumba na mavazi, nawe unajua nani anamwendea nani. Ndiyo maana wanafunzi wa Japani huisoma wanapojiandaa kwa mitihani. Kinachopungua ni mashairi, ambayo katika kitabu cha Murasaki yanakaribia 800. Ukisoma jozi hii, geuza utaratibu: manga itangulie.

Rudi baada ya mwezi

Funga vitabu vyote, uviweke mbali kwa siku 30. Siku hiyo ikifika, kabla ya kufungua chochote, andika kila unachokumbuka kutoka kila upande: ya manga uyachore, hata kama mkono wako hauwezi kuchora, na ya riwaya uyaandike kwa maneno unayodhani ni ya mwandishi mwenyewe. Baada ya hapo fungua kurasa zenyewe ulinganishe. Utakuta umehamisha vitu. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliapa kwamba Tezuka alikuwa ameichora komeo ikirukaruka mlangoni; alitafuta ukurasa kwa ukurasa, hakuiona, akaja kuikuta katika riwaya, kwenye mistari michache ya maandishi matupu, akaweka alama ya penseli pembeni yake na kuanza kuisoma sura hiyo upya tangu hatua ya kwanza kati ya zile 730.